Tawi Kwenye Njia Panda ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa, na wali mmeumaliza sasa hivi. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na msitu, msitu ukawa na vijia, vijia vikawa na mwenyewe. Sogeeni karibu. Nzaro, acha kumfinya mwenzio, maana nitakayemtaja leo ukimkosea utamwota.

Basi, hapo kale palikuwa na kijiji kilichopakana na msitu wa miti ya mirihi. Wazee wa kijiji waliutenga msitu ule usikatwe, usilimwe, usiwindwe. Ndani yake waliacha vijia tu, vyembamba, vya mtu mmoja mmoja, vinavyozunguka mpaka kwenye chemchemi na kurudi. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuvipita, kuondoa magogo yaliyoanguka na kutazama kama chemchemi ni safi.

Kutembea mle kulikuwa na adabu yake. Aliyetangulia akifika njia panda, huvunja tawi bichi akalilaza juu ya njia isiyopitwa. Huko ndiko kufunga njia. Aliye nyuma akilikuta tawi, anajua hapa si hapa, anashika njia iliyo wazi. Kisha huitana. Wa nyuma huuliza, "Wa mbele, umefunga?" Wa mbele hujibu, "Nimefunga, wa nyuma, pita."

Tawi lililolazwa halirukwi, wala haliinuliwi ila na mkono uliolilaza, au kwa ruhusa ya mwenye mkono huo. Hivyo ndivyo wazee walivyoagana na zimwi la msitu ule siku ile walipoutenga. Kila aendaye kwa miguu miwili akubali sheria ya tawi. Anayepita njia iliyo wazi, zimwi halimgusi. Anayeruka tawi, ni halali yake. Na anayefika mlangoni kwa zimwi kwa miguu yake mwenyewe, huyo naye ni halali yake.

Mmesikia? Msije mkaniuliza baadaye.

Katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke kijana jina lake Mbodze, mke wa Mwero. Mwero alikuwa safarini kuuza chumvi, na nyumbani alibaki Mbodze na mama mkwe wake, Bi Nyamvula. Bi Nyamvula alikuwa na goti bovu na ulimi mzima.

Siku moja zamu ya msitu ikawafikia wao. Asubuhi ile jirani alikuja kuomba kaa la moto, na Bi Nyamvula, mbele ya jirani huyo, akasema uji wa Mbodze una madonge, labda alikuwa anawapikia kuku. Jirani akacheka. Mbodze hakucheka. Alijifunga kanga, akachukua panga, akatoka bila kumngoja mtu.

Wakaingia msituni, Mbodze mbele, Bi Nyamvula nyuma na fimbo yake. Mbodze alitembea haraka makusudi. Mara fimbo ikawa haisikiki tena.

Akafika njia panda ya kwanza. Akavunja tawi, akalilaza. Kutoka mbali sauti ikauliza, "Wa mbele, umefunga?" Akajibu kwa mkato, "Nimefunga, wa nyuma, pita."

Akafika njia panda ya pili. Akavunja tawi, akalilaza. Sauti ikauliza, "Wa mbele, umefunga?" Akajibu bila kugeuka, "Nimefunga, wa nyuma, pita."

Akafika njia panda ya tatu. Hapo kijia cha kulia huenda kwenye chemchemi. Cha kushoto wazee hawakusema kinakokwenda, na mtu mwenye akili haulizi. Mbodze alisimama. Alishika tawi, na alipokuwa amelishika akayakumbuka yale madonge, akamkumbuka jirani alivyocheka hata kaa likamdondoka. Akaliachia tawi. Akajisemea kwamba mama mkwe ana macho, na njia ya chemchemi ameipita tangu kabla yeye hajazaliwa. Akashika njia ya kulia, akaenda zake.

Nyuma yake sauti ikauliza, "Wa mbele, umefunga?"

Mbodze akanyamaza.

Na msitu ukajibu. Sauti ilikuwa ya kwake, Mbodze, ila nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. "Nimefunga, wa nyuma, pita."

Mbodze akasimama. Akataka kurudi. Lakini hasira nayo ina masikio yake, ikamwambia huo ni mwangwi tu. Akaendelea.

Alifika kwenye chemchemi, akaondoa majani majini, akakaa juu ya jiwe. Akangoja. Ndege waliokuwa wakilia wakaacha. Akasikiliza fimbo, hakusikia fimbo. Akajiambia goti linamchelewesha. Akangoja tena. Akajiambia amekaa kupumzika. Akangoja tena, na safari hii hakuwa na la kujiambia. Jua lilikuwa limeanza kuteremka.

Basi akainuka, akarudi mbio. Akaita, "Mama! Mama, uko wapi?" Hakuna aliyejibu.

Alipofika njia panda ya tatu akasimama ghafla. Mbele ya miguu yake, juu ya kijia chake mwenyewe, kile cha chemchemi, palikuwa na tawi bichi. Kijia cha kushoto kilikuwa wazi. Na vumbini, kuelekea kushoto, kulikuwa na vitundu vya fimbo.

Mbodze akafahamu yote mara moja. Tawi lile hakulilaza yeye. Kuliruka hawezi.

"Nani amefunga hapa?" akauliza.

"Mimi," ikasema sauti nyuma ya mrihi, na zimwi likatoka. Lilikuwa refu, na nywele zake zilikuwa ukungu wa magogo, na midomo yake ilikuwa na maji maji kila wakati. Halikuwa na haraka. Hilo ndilo lililomtisha Mbodze kuliko meno. "Nilikuona umeshika tawi ukaliacha. Nikasema, huyu binti amechoka, nimsaidie kazi yake. Nimemfungia mama yako njia vizuri. Hata kuitika nimemwitikia."

Ilikuwa kweli.

Zimwi likamwuliza kama anataka kwenda aliko mama yake. Likasema linaweza kumwinulia tawi, apite, wala halitamgusa njiani, sheria ni sheria. Mbodze alijua hapo ndipo mtu anapoingia na hatoki. Akafikiri kurudi kwenye chemchemi na kungoja watu wa kijiji. Kisha akamfikiria Bi Nyamvula, peke yake, na lile goti.

"Inua," akasema.

Zimwi likainua tawi. Mbodze akapita. Wakashika njia ya kushoto, yeye mbele, zimwi nyuma, na alisikia likivunja matawi na kuyalaza nyuma yao. Hakugeuka kutazama.

Wakafika mahali peupe ambapo vijia vingi hukutana. Vyote vilikuwa vimefungwa. Kilichobaki wazi kilikuwa kimoja, kifupi, na mwisho wake ulionekana: mlango wa pango, moto na chungu. Katikati ya uwazi ule Bi Nyamvula alikuwa amekaa chini, fimbo mapajani.

Mbodze alimkimbilia, akamshika mikono. Bi Nyamvula akamtazama, akasema tu, "Na wewe umekuja."

Zimwi likashika kile kijia kilicho wazi, likaenda kukaa mlangoni kwake, likachochea moto. Likasema halitamvuta mtu wala kumsukuma mtu. Leo watakaa. Kesho njaa itawauma. Kesho kutwa watakuja kwa miguu yao. Wote huja.

Likaita mara ya kwanza, "Wageni, njia iko wazi, karibuni." Wale wanawake hawakusogea.

Likaita mara ya pili, "Wageni, njia iko wazi, karibuni." Mbodze akasikia mama mkwe wake anatetemeka, na hakuwahi kumwona akitetemeka.

Likaita mara ya tatu, "Wageni, njia iko wazi, karibuni."

Njia iko wazi. Neno hilo likamkaa Mbodze kichwani. Iko wazi kwa nani? Zimwi lina miguu mingapi? Akaitazama miguu yake pale mlangoni. Ilikuwa miwili.

Basi akainuka. Akavunja tawi bichi, akaenda mpaka kwenye mdomo wa kile kijia kifupi, akalilaza. Akasema kwa sauti, "Nimefunga."

Zimwi likaacha kuchochea. Likaja mbio, likafika kwenye tawi, likasimama. Likanyoosha mkono, mkono ukakataa. Likanyoosha mguu, mguu ukakataa. Miaka yote watu walifika pale wakilia, na hakuna aliyewahi kulifungia njia zimwi.

Likafoka, likatoa mapovu. Kisha likatulia, maana lilijua jambo moja ambalo Mbodze naye alilijua: pango halina mlango wa pili wala maji, na uwazi ule hauna njia ya kutokea. Wote wanne, ukihesabu na kifo, wamefungwa.

"Tufunguliane," zimwi likasema. "Mimi nawapa ruhusa muinue matawi yangu yote mpaka nje ya msitu. Nikishatamka hivyo siwezi kurudisha. Nawe uinue lako."

Mbodze akafikiri. Akikataa, watakufa hapo. Akikubali, zimwi litatoka. Halitawagusa njiani, lakini litawatangulia. Litafunga mbele, litafunga nyuma, na goti la Bi Nyamvula haliwezi kushindana na miguu ile. Akageuka kumtazama mama mkwe wake. Bi Nyamvula alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yake kabisa, kanga yake imefunika mikono.

"Kubali," Bi Nyamvula akamwambia. "Ukiahidi, tekeleza."

Basi Mbodze akakubali. Zimwi likatamka, "Matawi yangu yote, nawapa ruhusa muyainue." Na kila tawi pale likalegea majani, wakajua imekubalika.

Ikawa zamu ya Mbodze. Akainama. Akainua tawi lake, akafumba macho. Akasikia zimwi linacheka, akasikia mguu wake unainuka.

Mguu haukukanyaga.

Mbodze akafumbua macho. Mguu wa zimwi ulikuwa hewani. Chini yake, hatua moja upande wao, palikuwa na tawi jingine, dogo, bichi. Alililaza Bi Nyamvula, kimya kimya, wakati wao wakipatana.

"Inua na hili," zimwi likasema.

"Mimi langu nimeinua," Mbodze akajibu. "Hilo la mama. Mwulize mwenyewe."

Zimwi likamgeukia Bi Nyamvula. Bi Nyamvula akaokota fimbo yake.

"Mimi na wewe hatujaagana lolote," akasema.

Mnacheka? Wao hawakucheka. Waliondoka wakiinua tawi baada ya tawi, na nyuma yao zimwi likipiga kelele, "Bibi, rudi!" Wakaenda. "Bibi, rudi!" Wakaenda. "Bibi, rudi!" Na sauti ikabaki nyuma mpaka wakawa hawaisikii. Jua lilikuwa bado linaonekana kati ya mirihi. Mbodze alitembea taratibu, bega kwa bega na mama mkwe wake, ingawa kijia ni cha mtu mmoja na miiba ilikuwa ikimchana mkono.

Walipofika njia panda ya tatu, Mbodze akashindwa kuendelea. Akakaa chini.

"Mama," akasema, "tawi lile sikulilaza mimi. Nilikuwa na hasira. Na ile sauti iliyokujibu haikuwa yangu."

Bi Nyamvula akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Nilipoliona tawi nilifurahi. Nikasema, pamoja na niliyomfanyia asubuhi, mwanangu amenikumbuka. Na sauti niliisikia nzito. Nikadhani umelia kwa ajili yangu. Nikawa nakaza mwendo nikufikie, nikuombe radhi."

Mbodze akaangua kilio. Bi Nyamvula alimwacha alie mpaka akatosheka, akampa ncha ya kanga yake ajifute, wakaenda nyumbani.

Hadithi yangu inaishia hapo walipofungua mlango wao, na mimi ninaufunga wa kwangu. Lililo jema chukueni, lililobaki niachieni. Nanyi kesho mkitumwa kuni, mliotangulia muwafungie njia walio nyuma yenu, hata kama asubuhi mmegombana. Hasa kama mmegombana, maana mwenzio hajui kama umenuna. Yeye anafuata tu.