Kanga na Waliotoka Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri bwana, hii ya leo inauma. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama wakisema kama sisi, Kanga alitaga mayai matatu kando ya kisima. Mwaka huo ulikuwa wa kuchagua mkuu wa kisima. Kila mnyama huingia kichakani hapo kisimani, akatumbukiza kokoto yake ama katika chungu cha Fisi, ama cha Kobe. Fisi alishaapa: "Nikishinda, viota vyote hapa navifyeka!" Kobe alisema viota vibaki.

Tena walikuwa na desturi: wenye mwendo wa pole na wanaolala mchana hutumbukiza mapema, wasije wakakosa. Konokono, Nungunungu, Popo na koo zao walishamaliza kitambo.

Siku yenyewe ikafika. Kanga kutulia hawezi! Mara kiotani, mara njiani. Akatoka Mbweha kichakani.

"Kaka Mbweha, umemchagua nani?"

"Fisi!"

Akatoka Tai.

"Babu Tai, na wewe?"

"Fisi!"

Akatoka Ngiri.

"Fisi, mama. Kwani kuna mwingine?"

"Maskini mimi! Nimekwisha!"

Konokono akamwita toka janini. "Dada Kanga, hebu tulia. Hao ni wa leo. Sisi wa juzi umetuuliza?"

"Niache! Nimesikia kwa masikio yangu!"

Akaanza kuhamisha mayai, akiyasukuma kwa mguu. La kwanza likagonga jiwe, pwaa! La pili likabingirika hadi korongoni. La tatu alilisukuma polepole, huku analia, akalifikisha majanini. Kenge akachomoza kichwa, akalimeza.

Mara kelele kisimani. Vyungu vimemwagwa, na kokoto za Kobe ni kichuguu kizima!

"Kobe! Kobe kashinda!"

Kobe akapanda jiwe, akatoa amri yake ya kwanza: "Kiota cha Kanga kisiguswe na mtu."

Wote wakageuka kukitazama. Kilikuwa na manyoya mawili tu. Kanga akakaa juu yake hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Basi wenzangu, ukiwauliza wanaotoka leo, uwakumbuke na waliopita juzi. Na chungu kisipomwagwa, usihame.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye mayai nyumbani akayaangalie.