Siku Nane za Nyongeza

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, huko Nzega aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi, na mumewe Masele, na binti yao Limi wa miezi kumi. Nyamizi aliugua saratani ya tezi ya shingo. Akapasuliwa, akapona kidonda, kisha daktari akamwambia imebaki dawa moja: kidonge cha madini joto yenye mionzi.

"Kitaichoma saratani iliyosalia," akasema daktari. "Lakini ukikimeza, wewe mwenyewe utatoa mionzi, na mtoto mdogo asikae mapajani pako. Kila siku nane nguvu yake hupungua nusu. Siku ya nane inabaki nusu, ya kumi na sita robo, ya ishirini na nne sehemu moja ya nane. Siku hiyo mchukue mwanao."

"Haiwezi kuharakishwa?"

"Kunywa maji mengi, nyingine itatoka na mkojo. Lakini itakayobaki mwilini ina mwendo wake. Haisikii moto, haisikii baridi."

Nyamizi akamwachisha Limi ziwa. Akameza kidonge, akahamia chumba cha uani. Dada yake Masele, Kabula, akaja kutoka Tabora kumlea mtoto. Kabula alikuwa amezika watoto wawili, na hakujaliwa mwingine.

"Wifi," Nyamizi akamwambia, "nakuomba jambo moja. Kila jioni msimamishe ng'ambo ya uwanja, anione. Asije akanisahau."

Siku nane za kwanza Kabula akamleta. Limi alinyoosha mikono, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nyamizi alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili asije akakimbia kumchukua.

Siku nane za pili Masele akamwambia dada yake, "Kilio hiki kitamdhuru mtoto. Usimpeleke tena." Kabula akatii. Nyamizi alipouliza, Masele akajibu, "Ana mafua, upepo wa jioni haumfai."

Siku nane za tatu Nyamizi alikuwa akiegemeza sikio ukutani, akimsikia mwanawe akicheka upande wa pili.

Siku ya ishirini na nne ikafika. Masele akagonga. "Mama Limi, siku zimetimia. Toka."

"Imebaki sehemu moja ya nane."

"Daktari amesema inatosha."

"Daktari hakumzaa. Niongezee siku nane."

Ndani ya siku hizo nane Limi akatembea. Hatua nne, akafika magotini pa Kabula, akasema, "Mama." Kabula alifungua kinywa amwambie, mimi ni shangazi. Badala yake akaitika, "Abee."

Siku ya thelathini na mbili Nyamizi akaoga, akavaa, akatoka. Akachuchumaa, akafungua mikono. Limi akamtazama kama anavyotazamwa mgeni, akajificha ndani ya kanga ya Kabula.

Siku tatu mtoto akakataa uji kutoka mkononi mwa mama yake. Alipotengwa na shangazi, alipata homa. Na Kabula alikuwa arudi kwake Tabora. Wakakaa watatu kusemezana.

Kabula akasema, "Nilimlea kama nilivyoombwa. Nilikosea nilipoitika, nakiri. Lakini miaka saba hakuna aliyeniita jina lile. Niacheni niondoke naye mpaka apate nguvu, kisha nitamrudisha."

Masele akasema, "Niliyekatisha zile jioni ni mimi, na niliyesema uongo ni mimi. Sikuweza kuvumilia kilio chake. Hata sasa siwezi. Aende na dada, mradi ale."

Nyamizi akasema, "Mngeniambia amenisahau, siku ile ya ishirini na nne ningetoka. Nilijinyima nikidhani ananingoja. Akienda Tabora, atarudi akijua mama yake ni nani? Na akibaki, nitamlisha vipi anayenikimbia?"

Limi alikuwa amelala mgongoni kwa Kabula, na Nyamizi alikuwa ameketi karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, mikono yake imefumbatana.

Basi la Tabora linaondoka asubuhi. Ninyi mlionisikiliza, wenye watoto na msio nao, semeni: kati ya aliyemzaa akakaa mbali ili asimdhuru, na aliyemlea akaitika jina lisilo lake, na baba aliyeficha kwa huruma, neno la nani lifuatwe? Limi abaki mikononi mwa nani?