Mshona Kofia na Jini wa Wino

Katika mji wa Zahari, wenye milango saba na misikiti arubaini, alitawala Sultani Mundhiri bin Rajabu, mtu mkarimu wa mali na mzito wa kusamehe, na Mwenyezi Mungu alimpa kila alichokitaka ila mtoto wa pili. Kwani alikuwa na mwana mmoja tu, jina lake Ghalibu, na mama yake Ghalibu alifariki siku ile ile aliyomzaa, na tangu siku hiyo Sultani hakuoa tena, na mapenzi yake yote akayaweka kwa kijana huyo.

Basi ikawa asubuhi moja ya Ijumaa, Ghalibu, ambaye alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili, aliketi barazani kujifunza maandishi ya Kiingereza, maana wafalme wa mbali walikuwa wakileta barua kwa lugha hiyo na hakuna aliyeweza kuzijibu vizuri. Akafungua chupa ya wino ya kale iliyotoka katika hazina ya babu zake, na juu ya kioo chake palichorwa jina Shamharuri. Naye kwa kuijaribu kalamu akalinakili jina lile, lakini herufi ya kwanza akaiandika ndogo, kama mtu aandikavyo chura au jiwe.

Papo hapo moshi mweusi ukatoka katika chupa ukapanda hata dari, na ndani ya moshi akasimama jini mwenye vidole vyeusi kwa wino, na Ghalibu akapungua, akapungua, hata akawa kimo cha shibiri moja, na akajikuta ndani ya chupa, wino umemfika vifundo vya miguu. Sultani akaja mbio bila viatu.

Jini akasema, "Ewe Sultani wa Zahari, mimi ni Shamharuri. Miaka mia tatu iliyopita nilimtumikia mwalimu wa Kiingereza, akanifundisha kwa bakora ni wapi herufi husimama kubwa na wapi huinama ndogo, na mgongo wangu haujasahau. Leo mwanao amelidhalilisha jina langu. Basi niandikieni barua ya kumwombea, kwa Kiingereza, kwa maneno haya, pasipo kuongeza wala kupunguza: Mimi nakusihi wewe, Shamharuri, asubuhi hii ya Ijumaa, umrudishe mwana wa sultani wetu. Kila mkikosea herufi, kubwa kwa ndogo au ndogo kwa kubwa, wino utapanda. Mkipatia, naapa kwa Aliyeniumba kwa moto, namwachia, na mwandishi nitamtunza. Na adhana ya Ijumaa ikilia kabla hamjapatia, nafunga kizibo."

Sultani akatuma watu wawalete wajuzi. Akatangulia karani mkuu, mzee mpole, mwenye adabu zake, na kwa adabu hizo neno 'I', yaani mimi, akaliandika dogo, na neno 'you', yaani wewe, akalivika herufi kubwa ili amtukuze jini. Wino ukapanda hata magoti, ukapanda tena hata kiuno. Akaja mwanachuoni aliyejisifu kusafiri nchi tisa, naye kwa kutaka usalama akaandika barua nzima kwa herufi kubwa, mwanzo hata mwisho. Jini akacheka hata taa zikagongana, na wino ukaruka ukamfika Ghalibu kidevuni, naye akainua uso juu, akasimama kwa ncha za vidole, wala hakuthubutu kusema neno, asije akaumeza. Sultani akauweka mkono wake juu ya kioo, akalia mbele ya watu.

Na wakati huo alikuwapo mlangoni mwanamke aitwaye Mwanatumu binti Hamadi, mshona kofia, ambaye alileta kofia za walinzi. Naye kwa miaka saba alikuwa akimshonea bibi mmoja wa Kiingereza aliyefundisha wasichana pale mjini, na malipo yake yalikuwa masomo. Akaingia, akapiga magoti, akasema, "Maulana, nipe ruhusa nizitazame karatasi zilizoharibika."

Waziri Mughithi akafoka, "Wameshindwa wanavyuoni, sembuse mtu wa sindano!"

Sultani akasema, "Mwache atazame. Nani mwingine nimebaki naye?"

Mwanatumu akazitazama, akaona kosa lao, na akaona pia hatari yake mwenyewe. Akasema, "Maulana, hawa wameponzwa na heshima. Sisi tumezoea kumkweza mkubwa na kujishusha wenyewe, na herufi za Kiingereza hazijui mkubwa wala mdogo. Ni kama kofia. Kila moja ina kichwa chake. Neno linaloanza sentensi huvaa. Jina la mtu huvaa, na la mji, na la siku. Mengine huenda kichwa wazi, hata yawe matukufu namna gani."

"Basi andika," akasema Sultani, "na ukikosea, hutotoka hapa hai."

Akashika kalamu. Akaandika 'I' kubwa, imesimama wima, na Waziri akaguna kuona mshona kofia amejisimamisha hivyo mbele ya kiti cha enzi. Wino haukupanda. Akaandika 'you' ndogo, na jini akakunja uso lakini wino ukatulia. Akaandika Shamharuri kwa herufi kubwa nzuri yenye mkia, na jini akavuta pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akaandika 'morning', yaani asubuhi, kwa herufi ndogo, na 'Friday', yaani Ijumaa, kwa kubwa. Huko nje watu walikuwa wakishuka msikitini, na muadhini alikwisha anza kupanda ngazi za mnara. Wote wakazisikia nyayo zake.

Likabaki neno moja. Mwanatumu akaweka ncha ya kalamu, na Waziri akaona herufi inayoanza, akapiga kelele, "Maulana! Ameliandika neno sultani kwa herufi ndogo! Yeye mwenyewe kajikuza, na wewe anakufanya kama kiti au kikapu! Huu ni uasi!"

Sultani akachomoa upanga akauweka shingoni mwa Mwanatumu. "Ivike kofia herufi yangu," akasema. "Baba yangu alikufa sultani, na babu yangu. Ivike!"

Mwanatumu akasema, na machozi yanamtoka kwa hofu, "Bwana wangu, lingefuatwa na jina lako, Sultani Mundhiri, ningelivika kwa furaha. Hapa limesimama peke yake. Ni neno la kila aliyepata kukalia kiti, hapa na kwingineko, waliopita na watakaokuja. Jina ni la mmoja, neno hili ni la wengi. Niue ukitaka, lakini nikiivika, mwanao anazama."

"Basi ongeza jina lake!" akasema Waziri.

"Maneno ni yangu," akanguruma Shamharuri. "Asiongeze mtu."

Sultani akaitazama chupa. Wino ulikuwa ukicheza kidevuni mwa mwanawe, na Ghalibu amefumba macho. Juu ya mnara nyayo zikanyamaza, muadhini amefika. Basi Sultani akautupa upanga, akavua kilemba chake kwa mikono miwili, akakiweka chini sakafuni, akabaki kichwa wazi mbele ya makarani na walinzi na Waziri wake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Akasema, "Masultani ni wengi. Mwanangu ni mmoja. Andika."

Mwanatumu akamaliza neno, akatia nukta. Na muadhini akavuta pumzi, na sauti ikatoka, na wino ukaporomoka chini mara moja, na chupa ikapasuka vipande viwili, na Ghalibu akasimama katikati ya baraza kwa kimo chake kamili, mweusi kutoka kidevuni hata miguuni, anakohoa. Sultani akamkumbatia hata kanzu yake nyeupe ikawa nyeusi pia, na wote wawili wakalia bila kujali nani anawatazama.

Shamharuri akaikunja barua ile, akaitia kifuani, akasema haikupata kuandikwa barua nzuri kama hiyo kwake tangu aumbwe. Akamwachia Mwanatumu sanduku la yakuti na akaenda zake. Na baada ya miezi mitatu Ghalibu alituma posa, na Mwanatumu akajibu kwamba ataikubali pindi mposaji atakapoandika majina yao wawili sawasawa, naye akayaandika, na arusi ikafanywa siku saba.

Hapa ndipo hadithi inapotua, nami kwa mnaosoma nasema hivi: ziacheni herufi zikae mahali pake, na heshima ipeni watu. Kwani nani miongoni mwetu, akimwona mwanawe amefikwa na wino kidevuni, ataulizia ukubwa wa herufi yake?