Foleni Iliyokosa Kichwa

"Uji mzito hauviziwi, hukorogwa."

Ndivyo alivyowaambia Mama Subilaga wa jikoni leo asubuhi, ninyi wa kidato cha kwanza, alipowakuta mmejibanza nyuma ya mlango wa bwalo na vikombe vyenu, mkisubiri wenzenu watangulie. Mkaguna, mkacheka, kisha mkaja kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefanya vyema kuwauliza wazee. Sisi wa kidato cha nne ndio wazee wa shule hii. Tumekula maharage yake mpaka tunayatambua kwa sura. Basi kaeni, vueni kofia, na asisinzie mtu kabla watu wazima hawajasinzia. Chanzo cha methali ni hiki.

Zamani kidogo, kabla upepo haujachukua bati la bweni la tatu, shule hii ilikuwa na kiranja wa chakula aliyeitwa Ambokile. Alikuwa mvulana mrefu, mpole, mwenye uchovu ambao huenda alizaliwa nao. Alfajiri, wenzake wakiwa kwenye mchakamchaka ndani ya ukungu, yeye alikwenda jikoni kuamkia, akasimama karibu na moto, akasubiri uji uive.

Na uji wenyewe, jamani. Ulikuwa wa dona lililosagwa kwa haraka, punje nyingine zikisahauliwa njiani. Kuni zilikuwa mbichi, kwa kuwa huku Rungwe mvua hainyeshi, inaishi. Sukari ilitiwa kwa imani: uliamini imo, ukanywa. Mama Subilaga, mpishi, aliukoroga kwa nguvu zake zote ulipokuwa jikoni, kwa ule mwiko wake ulio mrefu kuliko mwalimu wa hisabati. Ukishaiva, vijana wa zamu waliibeba sufuria kwa mti mpaka bwaloni. Mwiko ulibaki jikoni. Mwaka fulani mwiko wa shule ulitoka jikoni ukaenda kuamua ugomvi wa mabweni mawili, ukarudi vipande. Tangu hapo Mama Subilaga aliapa kwamba mwiko wake hautavuka kizingiti tena.

Bwaloni kulikuwa na sala, na baada ya sala kulikuwa na matangazo ya mwalimu wa zamu. Mnayajua matangazo ya mwalimu wa zamu. Unga ulipoona hayaishi, ulijilaza chini ya sufuria.

Kisha watu wakapanga foleni kwa heshima. Kidato cha nne mbele, maana ndio wakubwa. Nyuma yao cha tatu, cha pili, na mkiani cha kwanza, wakijipulizia mikono. Kiranja wa chakula ndiye aliyeshika upawa, na kikombe chake kilikuja nyuma ya vyote, kwa kuwa desturi inasema mgawaji hujigawia mwisho. Wakubwa wakachotewa kwanza, vifua mbele, wakaketi kwa fahari, wakanywa maji ya moto yenye kumbukumbu ya mahindi. Miaka ilipita hivyo. Hakuna mkubwa aliyemuuliza mdogo anakunywa nini, kwa kuwa mkubwa hamuulizi mdogo. Wala hakuna mdogo aliyemweleza mkubwa, kwa kuwa mdogo alidhani uji wote ni mmoja. Na aliyepanda darasa akaona uji wake unazidi kuwa mwepesi, alidhani ni shule inayozidi kufukarika.

Ambokile alijua. Alijua tangu wiki yake ya kwanza kwenye cheo, siku upawa wake ulipogota chini ya sufuria na kupanda na kitu kinachofanana na chakula. Kikombe chake cha mwisho ukikiinamisha, uji ulifikiri kwanza kabla ya kushuka. Mashavu yalimjaa. Mama yake, alipomwona likizo, alimshukuru Mungu na serikali. Mwalimu Mkuu naye alimsimamisha mstarini, akasema, "Mtazameni kiongozi huyu. Anawahudumia wote, yeye anakunywa mwisho." Watu wakapiga makofi. Ambokile akaangalia viatu vyake.

Kila asubuhi alipokuwa akitoka jikoni aliuona mwiko umeegemea ukuta, akaufikiria. Na kila asubuhi alikifikiria kikombe chake, akapita.

Sasa kulikuwa na jitu moja la kidato cha nne liitwalo Lugano, golikipa wa shule. Siku moja Lugano alitoroka mchakamchaka, akakamatwa, akapewa vyoo asafishe. Alipofika bwaloni, foleni ilikuwa imekwisha. Akachotewa wa mwisho, akabaki Ambokile tu. Akainamisha kikombe. Hakikutoka kitu. Akakipiga kitako.

"Ambokile, nini hiki?"

"Uji."

"Mimi nipo hapa mwaka wa nne. Uji wa siku hizi naujua. Hiki ni kitu kingine."

Lugano akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma ramani.

"Ahaa," akasema. "Mashavu."

Kesho yake kidato cha nne kilipatwa na huruma ya ghafla. Walisimama kando ya mlango, mikono nyuma, sauti laini. "Wadogo zetu, tangulieni," Lugano akawaambia. "Ninyi bado mnakua."

Lakini katika historia yote ya shule hii, kidato cha nne hakijawahi kumpa mtu wa kidato cha kwanza kitu chochote isipokuwa nguo za kufua. Wadogo wakatazamana. Wakainama kwa adabu. "Hapana, kaka. Mkubwa hatanguliwi."

"Tangulia, dogo, nimesema."

"Tutakuwa tumekosa heshima, kaka."

Siku ile wadogo walitangulizwa kwa kusukumwa, na walipoonja maji yale wakaelewa yote. Kufikia mchana shule nzima ilikuwa imeelewa. Kesho yake hakuna aliyetaka kuanza. Kidato cha pili kilijificha nyuma ya cha tatu, cha tatu nyuma ya cha nne, cha nne nyuma ya mlango. Mmoja alifunga kamba za viatu mpaka kengele ikalia, na hakuwa amevaa viatu vya kamba. Wengine walikumbuka kusali upya. Bwalo lilijaa watu wenye vikombe, wote wakitazamana migongo, foleni yenye mkia mrefu isiyo na kichwa. Na Ambokile akasimama peke yake mbele ya sufuria, upawa mkononi, akisema, "Jamani, njooni. Jamani, unapoa."

Uji ukapoa. Ukaota ngozi. Kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, watu wakaenda darasani na njaa zao, na vijana wa zamu wakaibeba sufuria mpaka kwenye banda la nguruwe wa shule. Nguruwe hawakuvizia. Walikunywa wa juu, wakafika wa chini.

Ikawa hivyo kesho, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Ambokile aliwasihi, wakamwambia, "Anza wewe." Akapendekeza wapange foleni kwa herufi za majina, na akina Mwakyusa wakakubali haraka sana, akina Asajile wakakataa. Darasani watu walilala na macho wazi. Mwalimu wa jiografia aliuliza mto ni nini, akajibiwa na tumbo. Uchovu uliingia shuleni ukakaa kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini. Na Ambokile ndiye aliyechoka zaidi, maana wenzake walikuwa na njaa tu. Yeye alikuwa na njaa na kitu kingine alichokijua.

Siku moja Mwalimu Mkuu alipita bandani, akawaona nguruwe. Akamwita kiranja wa chakula.

"Ambokile, unawaona hawa?"

"Nawaona, mwalimu."

"Unaonaje hali yao?"

"Wana afya, mwalimu."

"Wana afya. Nyinyi uji mmeushiba, sivyo? Basi sikiliza. Kesho sufuria ikirudi na uji, huo ndio wa mwisho. Hautapikwa tena muhula huu. Unga nitauleta hapa moja kwa moja, walau tuokoe kuni."

"Mwalimu, watu watapata njaa."

"Kwani sasa wana nini?" Akaondoka, akikwepa tope.

Ambokile alikaa juu ya ukuta wa banda. Aliwatazama nguruwe, nao wakamtazama, na akaona kwamba wana mashavu.

Asubuhi alikwenda jikoni mapema kuliko siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una uso wa msibani?"

"Naomba mwiko, mama."

Mama Subilaga aliacha kukoroga. "Mwiko hautoki hapa. Unajua ulivyorudi."

"Najua. Ni wa kwenda kukorogea uji bwaloni. Kabla ya kugawa, na wakati wa kugawa."

"Siku zote hizo ulikuwa wapi hukuusema huo ukorogaji?"

Ambokile alitazama moto. "Nilikuwa nakunywa wa mwisho, mama."

Yule mama akamtazama mashavuni, akaelewa, akavuta pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia la pili. Hakumgombeza. Alikuwa amechoka, na kugombeza nako ni kazi. "Vua viatu," akasema. "Viache hapo. Mwiko ukirudi mzima, utavaa. Ukirudi vipande, utamaliza shule peku."

Hivyo ndivyo Ambokile alivyovuka uwanja, peku kwenye umande wa Rungwe, mwiko begani, nyuma ya sufuria. Bwaloni sala ikasaliwa. Matangazo yakatangazwa. Watu wakasimama kama kawaida yao, kila mmoja akitafuta wa kumtanguliza. Ambokile akafunua sufuria, akatumbukiza mwiko mpaka chini, akaanza kuzungusha.

Vichwa vikachungulia kutoka nyuma ya migongo.

"We, unatafuta nini humo?" Lugano akauliza kutoka nyuma ya mlango.

"Unga."

"Wa nini?"

"Wa wote."

Lugano akatoka mafichoni, akasogea kidogo. "Ukiukoroga, hakutakuwa na wa mwisho."

"Hakutakuwa."

"Na chako je, kiranja? Kitakuwaje?"

Mvulana akazungusha mwiko mara nyingine, mzito, akahema. "Kama chako, Lugano. Chako, changu, na cha yule pale aliyejificha chini ya meza. Tena nimechelewa kuukoroga, na mnajua kwa nini. Wengine mmeniona mashavu. Nisemeni baadaye, sasa kengele iko karibu, na nguruwe wanajua saa."

Hakuna aliyesogea. Njaa ilikuwapo, lakini na shaka ilikuwapo, na shaka ndiyo iliyokuwa imeshiba zaidi. Ndipo Ambokile akafanya jambo ambalo hakuna kiranja wa chakula aliyewahi kulifanya: akajichotea wa kwanza. Akakiinua kikombe juu, akakiinamisha mbele ya macho yote. Uji ukamwagika kidogo kwenye miguu yake mitupu. Haukuwa maji. Haukuwa ule wa kufikiri kabla ya kushuka. Akaunywa wote, uso haukuonyesha furaha yoyote.

"Ukoje?" wakamuuliza.

"Mbaya," akasema. "Lakini upo."

Lugano akaja, akanyoosha kikombe. "Koroga kwanza."

"Si nimekoroga sasa hivi?"

"Koroga na mimi nione."

Akakoroga. Akaja wa pili: koroga. Akaja wa tatu: koroga, kaka. Kila aliyefika alitaka wake ukorogwe mbele ya macho yake, na Ambokile alizungusha mwiko ule kwa kila mtu wa shule hii, mpaka mabega yakawaka, mpaka mkono wa kulia ukasahau ni wa nani. Mtu wa mwisho alipochotewa, sufuria ilikuwa tupu. Kengele ikalia. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, vijana wa zamu waliibeba sufuria nyepesi, nao nguruwe wakapiga kelele bandani mpaka kipindi cha tatu.

Msidhani uji uligeuka mtamu. Haukugeuka. Ulikuwa mbaya sawasawa, na hapo ndipo jambo jipya lilipoonekana. Zamani aliyepata maji alilaumu nafasi yake kwenye foleni, na aliyepata mzito alinyamaza asije akaulizwa. Sasa wote waliinamisha vikombe, mkubwa na mdogo, wakaona kitu kile kile: unga ni mdogo. Lugano aliyekuwa akipenda kusema peke yake akajikuta anasema na shule nzima. Wakaenda kwa Mwalimu Mkuu na kikombe kimoja, kilichokorogwa. Akakiinamisha. Akakitazama kinavyokwenda. Akanywa nusu, kisha akauliza kama kuna aliyebaki na sukari. Hakuna aliyewahi kubaki nayo. Wiki iliyofuata unga uliongezwa. Si sana, msije mkafurahi. Lakini kijiko kilipata mahali pa kujiegemeza.

Ambokile alivaa viatu vyake, maana mwiko ulirudi mzima. Mashavu yalikwisha kabla ya mitihani. Mama yake alipomwona likizo ile alilia, akataka kumhamisha shule. Akamwambia, "Hapana, mama. Sasa tunakunywa wote." Na aliporudi, kila alipomwona mtu anajibanza mlangoni akisubiri wa mwisho, hakumgombeza, alimsemea maneno yale kwa sauti ya mtu aliyechoka, mpaka na Mama Subilaga akayashika, mpaka leo mkayasikia ninyi.

Basi mmejua chanzo. Limebaki neno moja dogo la desturi, ambalo wazee huliacha mwishoni ili watoto wasikimbie mapema. Mkono wa Ambokile ulipochoka, ilikubaliwa kwamba kukoroga kuwe kwa zamu, na zamu inaanza na yeyote aliyeuliza methali hii imetoka wapi. Mliuliza wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Kesho alfajiri mfike jikoni, mumwamkie Mama Subilaga vizuri, na viatu mviache kizingitini. Sakafu ni baridi, mwiko ni mzito, na shule nzima itawaambia koroga tena.

Mkianza kutafuta wa kumtanguliza, mjisemee wenyewe: uji mzito hauviziwi, hukorogwa.