Shuka Haikunjwi na Mtu Mmoja

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kandambili za shangazi. Zilikuwa katikati ya chumba, mbele ya meza ya kupigia pasi, na hazikuwa na mtu. Kando yake shuka nyeupe ilikuwa imeanguka sakafuni, nusu imekunjwa. Pasi ilikuwa imesimamishwa, bado ina moto.

Binti alisimama mlangoni na kapu tupu mkononi. Alikuwa ametoka kupeleka shuka safi kwenye nyumba ya wageni. Katika chumba kile cha udobi palikuwa na amri moja tu. "Hata mfalme akipita barabarani," shangazi alizoea kusema, "chomoa pasi kwanza, ndipo ukamtazame." Yuko Mfalme mmoja tu ambaye kwa ajili yake shangazi asingengoja kuchomoa pasi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeficha linalomsumbua hapati wa kumsaidia, hata akiwa katikati ya watu. Binti huyu alikuwa mficha wa kupindukia. Mtaani walimwita Kimya. Aliacha shule darasa la tano baba yake alipofariki, akachukuliwa na shangazi, na tangu hapo maneno yake yalikuwa adimu kama meno ya mtoto mchanga.

Shangazi alikuwa mtu wa kungoja. Kila jioni, kazi ikiisha, alipiga magoti kando ya shuka zilizokunjwa na kumaliza sala kwa maneno yaleyale: "Bwana Yesu, njoo." Kimya aliitika amina, lakini moyoni alikuwa na neno jingine, akalimeza.

Jumapili iliyopita mhubiri alifundisha juu ya unyakuo, Yesu atakapokuja kuwachukua walio wake. Siku hiyo, alisema, wawili watakuwa kazini pamoja. Mmoja atatwaliwa, mwingine ataachwa. Waumini walipiga makofi. Kimya aliwaza shuka. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Huyu hushika pembe mbili, yule pembe mbili, kisha huendeana mpaka mikono ikutane. Mmoja akitwaliwa, aliyebaki na pembe zake amwendee nani?

"Shangazi," aliita sasa pale mlangoni, kwa sauti ambayo hata panya asingeisikia.

Alichomoa pasi, kwa mazoea tu, akaenda kwa jirani. Jirani alikuwa mjane ambaye mtaa mzima ulikubaliana kwamba huyo akikosa mbinguni, basi hakuna atakayeingia. Mlango wake ulikuwa wazi. Bombani ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, na hapakuwa na mtu. Kimya alifunga bomba.

Akageuka kuelekea pembeni mwa barabara, kwa fundi viatu. Jina la fundi lilikuwa limesahaulika, walimwita Mzee Bado, kwa sababu kila alipoalikwa kuokoka alijibu, "Bado, jamani, bado. Nina viatu vya watu hapa." Alikuwapo, ameinamia kiatu, uzi mdomoni.

Kumwona kukammaliza. Waliotazamiwa kuondoka wameondoka. Aliyetazamiwa kubaki amebaki.

"We binti wa dobi," Mzee Bado aliita. "Njoo hapa nikuambie."

Kimya alidhani anataka kumliwaza, mwachwa kwa mwachwa. Aligeuza mgongo akarudi mbio. Kuachwa ni kugumu. Kuachwa pamoja na Mzee Bado ilikuwa zaidi ya nguvu zake.

Alijifungia ndani. Nje watu walipita wakicheka, mmoja akibishania bei ya nyanya. Kimya aliwahurumia, maana hawakujua bado. Swali moja tu lingetosha, kwa yeyote kati yao. Lakini aliogopa jibu, akakaa nalo swali lake kama mtu aliyekalia mwiba. Kisha aliokota ile shuka, akajaribu kuikunja. Alibana ncha kwa kidevu, akakanyaga nyingine, akatundika ya tatu kwenye msumari. Ilianguka. Akaanza tena. Chumba hakikuwahi kuwa kikubwa hivyo.

Jua lilipopungua, mlango uligongwa. Mzee Bado alisimama pale na kisanduku chake cha kazi.

"Mjukuu wangu, una kisirani au huna masikio? Nimekuita, umenipa mgongo."

"Shikamoo," alinong'ona.

"Marahaba. Shangazi yako aliniachia maagizo. Jirani yenu alianguka bombani. Tumembeba kwenye gari, shangazi yako kapanda naye. Wakati anataka kukimbia kandambili ilimkatikia gidamu, akazivua zote. Kasema pasi kaisahau, uichomoe, kisha kandambili uniletee niishone, umpelekee zahanati. Mpaka sasa yuko pekupeku huko."

"Yuko zahanati?"

"Wewe ulidhani yuko wapi?"

Bila kutaka, Kimya aliinua macho juu. Mzee naye akatazama juu, akaona dari. Kisha akaelewa. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikamwisha.

"Na mimi uliponiona nimekaa pale, ukapata ushahidi."

"Nisamehe, babu."

"Lete kandambili," alisema taratibu. Aliketi kizingitini, akaanza kushona. Baadaye, bila kuinua kichwa, akaongeza, "Hata aliyebaki hupenda kusalimiwa, mjukuu wangu."

Hakuwa amemaliza kushona shangazi alipofika. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi, na kidole kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Nimengoja kandambili mpaka nikaota mizizi," alisema. "Jirani hajambo, ni presha tu, kesho atarudi." Aliona shuka mezani. "Na hii nani kaikunja? Imekuwa kama kilemba cha mlevi."

"Mimi. Peke yangu."

"Mbona hukuita mtu?"

Kimya aliikunjua shuka. Walishika pembe, wakaendeana. Mikono ilipokutana, Kimya hakuachia.

"Shangazi, nilidhani umenyakuliwa. Kila jioni ukisema Bwana njoo, mimi moyoni husema asije leo. Miaka yote hii. Si kwamba simpendi. Naogopa atakuchukua wewe, mimi aniache. Sina mtu mwingine."

"Kumbe ni wewe unayemchelewesha," shangazi alisema. Alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Mwanangu, unadhani nataka kufika mbinguni nikunje shuka na nani? Ungeniambia siku ya kwanza, tungeliomba hili wawili."

Jioni hiyo walipiga magoti kando ya shuka. Mlangoni Mzee Bado alikuwa akikata uzi, taratibu kuliko kazi ilivyohitaji. Shangazi alisema, "Bwana Yesu, njoo," kisha hakusema amina. Alingoja.

"Njoo," Kimya alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kizingitini. "Lakini utukute sote wawili. Na Mzee Bado."

Mzigo aliokuwa ameubeba tangu darasa la tano ulishuka siku alipoutaja. Hakika, mficha uchi hazai.