Mbwa Aliyelala Kazini

Ngano, ngano!

Ilete, tumekaa!

Hapo kale, juu milimani penye baridi, aliishi mchungaji aitwaye Ndelwa. Alichunga kondoo pamoja na mkewe: mmoja mbele, mmoja nyuma. Mkewe alipofariki, nyuma pakakosa mtu. Ndelwa akatafuta mbwa.

Akamfunza maneno matatu. "Zunguka!" Mbwa akalizunguka kundi. "Leta!" Mbwa akawaleta kondoo mbio. "Lala!" Mbwa akalala, macho kwa kondoo.

Fisi alikuwa akitazama kutoka korongoni. Akacheka. "Ndelwa, ndugu yangu! Mbwa gani huyo? Amejinyoosha kama mgeni aliyeshiba!"

Ndelwa akaona haya.

Kesho yake Fisi akaja tena. "Wewe umesimama juani, yeye kalala. Nani bwana, nani mbwa?"

Ndelwa akaona haya zaidi. Akakata fimbo. Tangu hapo, kila Mbwa alipolala, alichapwa. Ikawa ni kukimbia tu. Leta, leta, leta!

Siku ya tatu walipita njia nyembamba, ukingoni mwa korongo. Fisi alikuwa chini, kinywa wazi. "Leo ndiyo kazi! Mhimize, ndugu yangu, mhimize!"

"Leta!" Ndelwa akapaza sauti. Mbwa akakimbia. Kondoo wakasukumana. Mwanakondoo mmoja akateleza, miguu ya nyuma ikaning'inia.

Mbwa akalala. Hakuambiwa. Alilala tu, kidevu ardhini.

Ndelwa akainua fimbo.

"Ishushe, baba!" akasema kondoo jike mkongwe. "Mbwa akikimbia, nasi twakimbia. Akilala, ndipo tunaona pa kukanyaga. Huyo hapumziki. Ametushika."

Ndelwa akatazama. Kweli, kundi lilikuwa limetulia. Akamvuta mwanakondoo kwa manyoya yake, akampandisha. Kondoo wakapita mmoja mmoja, taratibu, hadi wa mwisho.

Ndelwa akaivunja fimbo. "Nisamehe, mwenzangu."

"Mimi sina neno," akasema Mbwa. "Labda uuulize mgongo."

Ndelwa akacheka. Tangu mkewe afe, hakuwa amecheka.

Fisi akapiga kelele kule chini: "Jamani, amelala tena!"

"Amelala kazini," Ndelwa akajibu. "Wewe uliye macho, umepata nini?"

Fisi akaondoka na njaa yake.

Basi, ndugu zangu, kutulia nako ni kazi. Na anayekucheka kila siku, kwanza tazama amesimama wapi.

Ngano imeingia zizini. Nami nafunga mlango.