Kuni za Anselmo

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akiwashwa mgongoni humlaumu mbu wa kwa jirani, kumbe chawa amejificha katika shati alilolivaa mwenyewe, tena shati analolipenda kuliko yote. Delfina aliisikia methali hii mara nyingi kabla ya kuielewa. Aliielewa chini ya mwaloni wake, katika mwaka wa pili wa ujane.

Mwaloni huo ulisimama nyuma ya nyumba, katika kijiji cha Wakumiai, wenyeji wa tangu kale wa nchi hiyo, kilichojibanza kwenye milima ya kusini mwa Kalifornia. Shina lake lilikuwa nene hata watu watatu wakishikana mikono wasilizunguke. Mizizi yake iliukumbatia mwamba wenye vinu, mashimo laini yaliyochimbwa na michi ya mama zake na bibi zake, kizazi baada ya kizazi, wakitwanga kokwa za mti huo kwa ajili ya shawii, uji mzito usiokosekana karamuni. Delfina alitwanga hapo akiwa msichana, akatwanga hapo akiwa bibi harusi. Mumewe Anselmo alipofariki, aliuweka mchi chini na hakuushika tena.

Watu wake wana desturi ya kuchoma mali za marehemu, ili aende zake asigeuke nyuma, na walio hai wasimvute. Siku ya maziko Delfina hakusita. Alitoa kofia, mabuti, koti la ngozi, hata tandiko la farasi ambalo binamu mmoja alikuwa akilimezea mate. Wazee wakaimba nyimbo zao za kale ziitwazo nyimbo za ndege, kwa manyanga ya kibuyu, na moto ukala kila kitu. Kitu kimoja tu kilisalia: rundo la kuni.

Kuni hizo Anselmo alizileta kwa pikapu vuli iliyotangulia kifo chake, kutoka kwa rafiki yake wa ng'ambo ya milima, ambako mialoni mingi ilikuwa imekufa. Alizipasua mwenyewe, akazipanga zikiegemea shina la mwaloni, ncha zimelingana kama meno ya kitana. Ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mikono yake.

"Na kuni je, shemeji?" aliuliza Ruperto, mdogo wa marehemu, moto ulipokuwa ukififia.

"Kuni si nguo."

"Jasho lake limo humo."

"Ruperto, nimetoa hata tandiko. Niachie kuni."

Ruperto alirudi kuchochea moto. Kubishana na mfiwa ni kutwanga maji kinuni.

Tangu siku hiyo Delfina alikuwa akitoka na kikombe chake cha kahawa kila asubuhi, akaweka kiganja juu ya kuni zile. Baridi ilipobisha alinunua kuni nyingine kijijini. Zile za Anselmo hakuchoma hata kijiti.

Baridi ya pili ilipokuwa ikielekea ukingoni, mwaloni ulianza kuugua. Majani ya juu yalipungua kama nywele za mgonjwa. Shina likatoa madoa meusi yenye unyevu. Vigong'ota walikuja makundi kwa makundi, wakadonoa magome mpaka vipande vyekundu vikatapakaa juu ya mwamba na kujaa ndani ya vinu. Delfina alivifagia, na kesho yake akavikuta vingine. Alikuwa amemzika mume. Mti je, angeuzika vipi?

"Ni wale wageni wanaopiga mahema kijitoni," alimwambia Ruperto. "Wanapanda huku na kuni zao za mjini, wanatuletea maradhi."

"Mimi nasema ni ukame."

"Ukame gani unaodonoa magome? Wewe kila kitu ukame. Hata gari lako likigoma, ukame."

Jumamosi hiyo alimwona mwanamume mmoja akipiga hema lake karibu na kijito. Delfina alimshukia na ufagio mkononi, akamtaka afungue gari aonyeshe kuni alizoleta. Maskini yule alifungua haraka. Ndani mlikuwa na mfuko wa makaa ya dukani na soseji. Ruperto, aliyekuwa amemfuata nyuma, alicheka hata akaketi chini. "Shemeji, mkamate! Huyo muuaji ana soseji!"

Delfina hakucheka. Alirudi nyumbani akamwita Benita, binti ya Ruperto, aliyekuwa akitunza misitu ya kijiji.

Benita alifika asubuhi na Ruperto nyuma yake, akaubusu uso wa mama yake mkubwa, akauzunguka mti polepole. Alitoa kisu kipana cha kuparia, akaparua gome pale vigong'ota walipodonoa. Ndani, limejikunja kama pini ya nywele, palikuwa na buu jeupe lisilo na miguu.

"Ni huyu," alisema. "Akikua anakuwa mbawakawa mwembamba, mweusi, mwenye madoa sita ya dhahabu mgongoni. Mzuri kweli, mama. Lakini watoto wake wanakula chini ya gome, wanakata njia ya maji, na mwaloni unakufa kwa kiu wakati udongo una maji."

"Na nani kamleta?"

"Mwenyewe haruki mbali. Hubebwa." Macho ya Benita yalishuka kwenye rundo. "Mama mkubwa, kuni hizi zilitoka wapi?"

"Hizo ni za baba yako mkubwa."

"Najua. Alizitoa wapi?"

Delfina aliweka kiganja juu ya rundo. Benita aliinua gogo moja, akalifuta vumbi. Juu ya gome palikuwa na vitundu vidogo, kila kimoja bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili, kama mwezi uliokatwa nusu. Gogo la pili lilikuwa navyo. La tatu vilevile.

"Hii ndiyo milango waliyotokea kiangazi kilichopita," alisema kwa sauti ya chini. "Mti wa kwanza waliouona ni huu."

"Koma!" Delfina alifoka. "Anselmo alimwagilia mti huu kwa ndoo mwaka kijito kilipokauka. Huwezi kuniambia yeye ndiye aliyeuua."

"Sijasema hivyo. Hakujua. Alileta kuni ili usishikwe na baridi, basi."

Ruperto alilipokea gogo mkononi mwa Benita, akalirudisha mahali pake.

Delfina aliketi kando ya vinu. Alikuwa amewashuku wageni, amemtisha mtu na soseji zake, na kila asubuhi alikuwa amewabembeleza kwa kiganja chake wadudu wale wale waliokuwa wakiutafuna mti wake. Aliuliza swali moja tu. "Mti utakufa?"

Benita alirudi kwenye shina. Alipapasa gome kutoka mizizini hadi mkono ulipofika, akapanda ngazi, akapapasa tena. Delfina alimfuata kwa macho.

"Hakuna mlango hata mmoja kwenye mti," Benita alisema akiwa juu ya ngazi. "Umesikia, mama? Walioingia bado wamo ndani, tena si wengi, na vigong'ota wamekwisha kula wengine. Tukiparua walipo, tukapulizia shina dawa kabla ya joto kuingia, utapona. Lakini kuni haziwezi kubaki. Kama mna hata mmoja aliyechelewa kutoka, tutakuwa tumefanya kazi bure. Na usinijibu leo."

"Nitakujibu leo," alisema Delfina. Aliinuka, akalichukua gogo la juu, lile alilozoea kulishika, akalikumbatia kifuani kama mtoto. Kisha akalipeleka mwenyewe mpaka uwanja wa moto, mbali na mti. "Ruperto, unangoja nini? Leta manyanga."

"Sasa hivi? Sijanywa hata kahawa!"

"Kakako alikuwa anaimba kabla ya kahawa."

"Ndiyo maana alikuwa anakosea maneno."

Hapo Delfina alicheka, kicheko kilichomshtua mwenyewe, na machozi yakaja pamoja nacho. Kuni zilikuwa kavu, zikashika moto mara moja. Ruperto aliimba, Benita akacheza hatua zake fupi, na Delfina akazilisha ndimi za moto gogo baada ya gogo mpaka mahali pa rundo pakabaki udongo mtupu. Moshi ulipanda wima katika ubaridi wa asubuhi. Aliutazama ukienda, wala hakuuita urudi. Kifua kilichokuwa kizito kama jiwe la kusagia kililegea.

Benita alifanya kama alivyosema. Gome likaparuliwa, dawa ikapuliziwa, na kiangazi chote Delfina aliukagua mti kwa vidole akitafuta vile vitundu vya nusu mwezi. Hakuona hata kimoja. Alianza pia kuwangoja wenye mahema kwenye njia ya kijito, safari hii bila ufagio, akawapa kuni za pale pale mlimani na kuwasihi wasilete za kwao. Mtu wa soseji alirudi, akamletea mfuko mzima wa soseji na kusimama mbali kidogo.

Vuli ilipofika majani mapya yalikuwa yamefunika kilele, na kokwa zikaanza kuanguka, to, to, juu ya bati la banda. Delfina aliosha vinu, akauchukua mchi aliokuwa ameuacha. Alitwanga, akachuja uchungu kwa maji mara nyingi, akapika shawii, akawaita Ruperto na Benita.

"Uchungu umebaki kidogo," alisema Ruperto, akinyoosha bakuli kwa mara ya pili.

"Uliobaki ni wa ulimi wako," alijibu Delfina, akampakulia.

Nyuma ya nyumba mwaloni ulisimama, na pale palipokuwa na rundo la kuni nyasi zilikuwa zimeota. Delfina alikuwa amemsaka adui mahemani na kijitoni, kumbe alikuwa amemhifadhi kwa upendo chini ya kiganja chake. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.